Kipande cha Chini

Kanisa letu lina desturi ambayo sijaikuta kwingine, na nimefundisha shule nne katika wilaya mbili, kwa hiyo nimesali kwingi. Msharika akihama, karani humwandikia barua ya uhamisho. Juu kuna maneno ya kumkabidhi kwa kanisa analokwenda. Chini kuna mstari wa nukta, na chini ya mstari kuna kipande kidogo kinachosema kwamba wamempokea. Kanisa la huko hukata kipande hicho, hukigonga muhuri na kukirudisha kwetu. Kikirudi, karani anaandika katika daftari la washarika: Kipande kimepokelewa. Kisiporudi, mtu huyo bado ni wetu hata awe wapi.

Barua za namna hiyo zipo makanisa mengi. Ya kwetu peke yetu ni Jumapili ya mwisho ya mwaka. Siku hiyo karani husimama mbele na kusoma majina ya wote ambao vipande vyao havijarudi. Likisomwa jina, mtu wa nyumba yake husimama. Hasemi kitu. Anasimama tu ili ionekane kwamba aliyepotea ana watu, kisha anaketi likisomwa jina linalofuata.

Nilikuwa karani wa usharika huu kwa muda mrefu kuliko wachungaji saba waliopita hapa. Kamati ya jubilei iliponiomba niandike historia ya kanisa na ya washarika waliotutangulia, ilinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na daftari lilikuwa kabatini kwangu. Hawakujua kwamba katika daftari hilo kuna mstari mmoja nilioandika uongo. Unamhusu mume wangu.

Nilianza na yaliyo rahisi. Ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo, ukishaipita Makere, kuna njia inayoshuka kushoto kupitia mashamba ya muhogo, na kanisa liko mwisho wake. Lilianzishwa na wanaume waliotoka manamba, yaani kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, walikokwenda vijana na kurudi na mgongo mbovu, blanketi na kitabu cha nyimbo. Jengo la kwanza lilikuwa la miti na nyasi. La pili ni hili la matofali, ambayo kila nyumba ilichoma ya kwake. Ukuta wa upande wa bonde una matofali mabovu, na kila mtu anajua ni ya ukoo gani, ila katika historia nimeandika kwamba mvua za huko ni kali.

Nimemwandika mama wa kwanza kubatizwa, ambaye alikubali yote aliyoambiwa isipokuwa kuacha kiko chake. Kila Jumapili alikiweka dirishani kwa nje kikiwa bado cha moto, akaingia, akasali, akatoka akakichukua. Mwinjilisti wa wakati ule alimkemea mwaka mzima, kisha akachoka, akaanza kukitazama kiko hicho ili ajue kama mama yupo. Nimeandika pia kengele yetu, ambayo ni rimu ya lori lililokufa kwenye mlima wa kwenda Kitanga. Mchungaji wa sasa, kijana aliyetoka Mbeya, alitaka tununue kengele halisi. Wazee walimsikiliza kwa adabu na jambo hilo halikutajwa tena.

Desturi ya vipande ililetwa na manamba hao hao. Vijana waliofuata walipokwenda Tanga, walipewa barua, na vipande vilirudi kwa posta vikiwa na mihuri ya makanisa ya huko. Visiporudi, majina yalisomwa. Kuna mama mmoja alimsimamia mwanawe Jumapili za mwisho nyingi kiasi kwamba miguu ilipokataa, majirani wawili walimshika kwapani wakamwinua, jina likapita, wakamketisha. Mwanawe aliingia kanisani siku moja katikati ya mahubiri, mzee mwenye mvi, akauliza mama yake anaketi wapi. Mama alikuwa amekufa msimu uliopita. Walimwonyesha benchi.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Familia kadhaa kutoka Burundi zilisali kwetu kabla ya kupelekwa kambini na nyingine baada ya kutoka, na wengine walikuwa na barua zao, zimeandikwa Kirundi na Kifaransa, zimelowa na kukaukia mifukoni. Nilikata vipande nikavigonga muhuri. Baadhi nilivipeleka kwa makanisa ambayo wenyewe waliniambia yamechomwa moto. Nilivipeleka hivyo hivyo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, na wakati ule niliuamini kama ninavyoamini kwamba saba mara nane ni hamsini na sita.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Mabenchi yote ya kanisa ni kazi ya mikono yake, na yamenyooka, isipokuwa lile la nyuma kabisa, wanakoketi waliotengwa, yaani wale waliozuiwa Meza ya Bwana kwa kosa fulani. Hilo hakulipiga randa sawasawa. Nilimwuliza kwa nini, akasema atakayeketi pale atakuwa na mambo mengine ya kuwaza.

Alikwenda Kahama kutafuta kazi ya ujenzi, wakati ambapo nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wanakwenda huko au Geita. Aliniambia nimwandikie barua. Nilimwambia mtu anayekwenda kwa miezi michache hahitaji barua ya uhamisho. Alisema hataki kukaa mahali bila kujulikana ni wa wapi. Basi nikaiandika mezani petu, yeye ameketi mbele yangu anakula maharage, na alisema niandike vizuri. Niliandika kwamba tunamkabidhi kwenu ndugu yetu, msharika mwaminifu, fundi, mwenye mke mmoja. Mchungaji akatia saini.

Mwaka wa kwanza alituma salamu mara mbili kwa watu waliokuja. Baada ya hapo hakutuma kitu. Kipande hakikurudi.

Jumapili ya mwisho ikafika. Nilisoma majina, na kila jina lilipata mtu wa kusimama. Nikafika kwa lake. Mtu wa nyumba yake nilikuwa mimi peke yangu. Hatukujaliwa watoto, na mdogo wake siku hizo alikuwa Kitanga na familia yake. Nilisoma jina nikangoja, bila kujua ninangoja nini, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusimama. Watu walinitazama kisha wakatazama sakafu. Nikaendelea na jina lililofuata.

Mwaka wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa tatu, nilipotamka jina lake, mwanamke mmoja wa kwaya alikohoa, na mwenzake akamgusa kwa kiwiko. Inawezekana alikuwa na kikohozi. Mimi niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kuhisi kitu kwa miaka mingi. Sikuwa na hasira wala hamu ya kulia. Nilikuwa nakwenda shule, narudi, nasonga ugali wa mtu mmoja.

Mwaka wa nne, wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, nililichukua daftari nikaenda nalo darasani. Wanafunzi walikuwa nje wakati wa mapumziko. Nilifungua ukurasa wake, nikaandika kwa wino wa buluu: Kipande kimepokelewa. Nikapuliza ili ukauke. Ilinichukua muda mfupi kuliko kusahihisha daftari la hesabu.

Jina lake halikusomwa. Baada ya ibada watu walinijia. Walifurahi kweli, na hilo sikulitarajia. Walisema kumbe mzee amefika, amepokelewa, Mungu ni mwema. Mwanamke wa kikohozi alinishika mikono yote miwili. Nilisema ndiyo, kimerudi. Hakuna aliyeomba kukiona, kwa sababu mwenye kutunza vipande nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo alikuwa wa Kahama. Watu wakimwulizia, niliwajibu kama anayeulizwa habari za mfanyakazi mwenzake aliyehamishwa kituo. Miaka ikaenda. Wapo waliosema ana mke huko. Sikubisha wala sikukubali.

Alikuwa ameondoka miaka kumi na tisa nilipoitwa na afisa mtendaji wa kata. Alikuwa amepigiwa simu kutoka hospitali Kibondo. Mwanamume mmoja alishushwa kwenye basi akiwa mgonjwa sana, baada tu ya kupita Kakonko, na alifariki kabla ya mchana. Mdogo wake alikuwa amekwisha rudi kijijini kwetu, tukaenda pamoja. Nakumbuka njiani tulizungumza bei ya mbegu za maharage.

Wakati shemeji yangu anatafuta pikapu ya kubebea mwili, nesi aliniita ofisini. Alikuwa binti wa Kiislamu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, mpole, na Kiswahili chake laini kilinifanya nione Kiswahili changu cha huku Buha kama kimevaa viatu vya shamba. Alinipa mfuko wa nguo, futi ya kupimia mbao na karatasi.

"Mama, hii ndiyo iliyotuonyesha kwenu," alisema. "Isingekuwa hii tungemzika sisi."

Mwandiko ulikuwa wangu. Karatasi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo na kugandishwa kwa gundi ya mbao. Kipande cha chini kilikuwepo. Alikuwa ameikunja barua juu kidogo ya mstari wa nukta, kwa kupindisha, ili mkunjo usije ukakikata. Hakuwahi kuipeleka kokote. Kwa nini, sijui. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko ninavyokubali, na bado sijui. Niliikunja alivyoikunja yeye, nikaitia kwenye mkoba, nikamshukuru nesi.

Wazee wa kanisa walikaa jioni ile katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Kwetu mtu huzikwa na kanisa lake: rimu hugongwa, mwili huingizwa kanisani, kwaya huvaa sare, mchungaji hushika udongo wa kwanza. Asiye na kanisa huzikwa na ndugu. Mchungaji wa wakati huo aliniomba daftari, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, aliniomba nisome. Nikasoma mstari wangu mwenyewe mbele ya wazee watano.

Mchungaji akapiga simu Kahama, kwa makanisa yetu yote yaliyoko huko. Hakuna aliyemjua. Akashusha simu, akasema kwamba basi ndugu yetu alipokelewa kule, akaacha, akapotea, na kwetu alikwisha toka. Walisikitika. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanafuata daftari. Mzee mwenyekiti akanigeukia.

"Mama mwalimu, wewe ndiye mke na wewe ndiye karani. Una neno lolote?"

Mkoba ulikuwa mapajani. Kama ningefungua zipu, wangeona kipande, wangejua kwamba alikuwa wetu siku zote, na wangegonga rimu. Wangejua pia kilichoandikwa na aliyekiandika. Nilikuwa mwalimu wa watoto wao. Nilifikiri hayo yote kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga ratiba ya vipindi.

"Sina," nilisema.

Tulimzika kesho yake nyuma ya nyumba. Watu walikuja wengi, kwa sababu huku kwetu kufiwa ni kwa wote. Mwenye duka wa Kasulu ambaye zamani alimpa kazi ya kutengeneza rafu alikuja na sukari kilo tano, akaketi na wanaume. Wanawake wa kwaya walikuja na vitenge vya nyumbani, bila sare. Walikaa wote mahali pamoja, na hawakuimba. Mdogo wake alisema maneno machache, akashika udongo. Rimu haikugongwa. Mimi sikulia, na watu walisema mwalimu amejikaza. Sikuwa nimekaza kitu chochote. Hapakuwa na cha kukaza.

Miaka mitano imepita tangu siku hiyo. Barua niliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila Jumapili nilikwenda nayo kanisani na kurudi nayo. Desturi ya kusoma majina yenyewe ilikuwa imefifia, maana siku hizi mtu akihama anapigiwa simu, na vijana wanasema mambo ya vipande yamepitwa na wakati. Nilistaafu. Kisha ikaja jubilei na hii kazi ya historia.

Kamati ilitaka mwishoni mwa historia kuwe na orodha mbili, ya waliolala wakiwa washarika wetu na ya waliohama. Siku ya sherehe orodha ya waliolala isomwe kwa sauti, na kwa heshima ya desturi ya zamani mtu wa nyumba husika asimame. Nilipofika ukurasa wa mume wangu, niliona kwamba nitalazimika kuuandika ule uongo mara ya pili, na safari hii utachapwa na kugawiwa.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu shemeji yangu alipobisha. Alikuwa ameleta mihogo. Aliketi, tukasalimiana kwa Kiha, mwakeye, na kupiga makofi kama ilivyo kwetu, akaniuliza kazi imefika wapi. Nilimwambia imefika kwenye orodha. Tangu mazishi yale alikuwa akiketi karibu na mlango kanisani, na mkate wa ushirika hakuwahi kuufuata tena. Hakuwahi kuniambia sababu, nami sikuuliza.

"Shemeji," alisema, "kaka utamwandika wapi?"

Nilimwambia sijui. Akatikisa kichwa, akasema kwamba yeye ni mzee sasa, na kinachomsumbua ni kimoja tu, kwamba kaka yake hayumo kwenye orodha ya mahali popote. Kisha akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Mihogo ilikuwa mizuri.

Jumamosi iliyofuata wazee walikaa. Niliomba nafasi. Nilitoa barua kwenye kitabu cha nyimbo nikaiweka mezani, nikafungua daftari pembeni yake, nikawaambia wasome vyote viwili. Mchungaji kijana alisoma, akageuza karatasi, akauliza kwa nini kipande bado kipo. Nikamweleza. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee mwenyekiti ni yule yule. Alitoa miwani akaifuta muda mrefu.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ile nilikuuliza."

Nilisema ndiyo, uliniuliza.

Uamuzi wao ulikuwa wa haki na siwezi kuulalamikia. Daftari nililikabidhi kwa karani mpya, binti niliyemfundisha darasa la tatu, ambaye alilipokea bila kunitazama usoni. Nilitengwa kwa miezi sita. Mstari wangu wa buluu ulikatwa kwa wino mwekundu, na juu yake karani mpya akaandika kwamba mtu huyu hakuhama kamwe, na kwamba amelala akiwa msharika wetu. Mchungaji alikwenda nyuma ya nyumba na kwaya ikiwa na sare, wakasoma yanayosomwa, na rimu ikagongwa, watu wa mbali wakiuliza amekufa nani. Shemeji yangu alilia kwa sauti. Jumapili ile alihama mlangoni, akaketi na wanaume wenzake.

Jubilei iliangukia ndani ya miezi yangu sita. Nilikwenda. Niliketi benchi la nyuma, na niseme ukweli, fundi alifanya makusudi, maana mbao zile zinachoma mapaja. Historia yangu ilisomwa na karani mpya. Watu walicheka kwenye kiko cha mama wa kwanza, na wa ukoo wa matofali mabovu walicheka kwa sauti zaidi kwenye mvua kali. Kisha akaanza orodha ya waliolala.

Alisoma bila haraka, nilivyomfundisha. Familia zilisimama na kuketi, zilisimama na kuketi. Nilihesabu mistari kichwani kwa sababu orodha niliipanga mwenyewe, na nilijua jina lake linafuata la nani. Lilipofika, shemeji yangu aligeuka nyuma akanitazama, lakini hakusimama.

Miaka ile yote jina hilo liliposomwa nilikuwa nimekwisha kusimama. Safari hii nilikuwa nimeketi. Nikashika benchi la mbele kwa mikono miwili, nikasimama, na magoti yaliniuma, na nilibaki nimesimama mpaka karani aliposoma jina lililofuata.